Walezi Wote Mnatangaziwa

"Wananchi wa mji wa Babati na wa mkoa wetu mpya wa Manyara, mnatangaziwa kwamba, kwa kutambua mchango usiopimika wa walezi wa watoto wadogo katika ujenzi wa taifa, Serikali imeamua kuwapatia walezi wote wa vituo vya watoto kadi ya bima ya afya, kuanzia mwaka mpya, kwa ada isiyozidi bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Kadi hiyo itatibu kila kitu, kuanzia mafua hadi upasuaji. Walezi mnaombwa muwe watulivu na muendelee kubembeleza. Asanteni kwa kunisikiliza."

Serikali iliyoamua hayo ilikuwa imevaa kandambili, ikitafuna bigijii, na muhula uliopita ilikuwa imeshika mkia katika hisabati. Jina lake lilikuwa Evelyne, binti wa kidato cha tatu, aliyekuja nyumbani likizo ya Desemba kutoka shule ya bweni. Alikuwa ameketi peke yake ndani ya pikapu ya Mjomba Msafiri, kipaza sauti mkononi, nyuma ya uzio wa minyaa wa nyumbani kwao, amekunja uso kama mkuu wa wilaya aliyeletewa chai isiyo na sukari.

Msafiri hakuwa mjomba wake wa damu. Alikuwa jirani, muuza vipuri, mwenye pikapu iliyofungwa spika mbili juu ya paa, na mji ulimtegemea kwa habari za misiba, mechi na ng'ombe waliopotea. Wiki ile alikuwa amekodiwa kutangaza chanjo ya surua. Siku ya pili tu koo lake likakauka, akawa anatoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Ndipo alipomwomba Mama Evelyne amwazime binti, kwa kuwa binti alisifika kwa kusoma kwa sauti. Shuleni ndiye aliyepewa kusoma masomo ya ibada ya Jumapili, na kwa malipo ya soda na chapati angeweza kusoma mpaka spika ziombe kupumzika. Basi sauti ya Evelyne ikawa imezunguka Bagara, Singe na kila kichochoro cha nyuma ya stendi, ikiwaambia kina mama walete watoto wachomwe sindano. Nao kina mama wakawaleta. Hilo ndilo jambo ambalo Evelyne hakulipigia hesabu.

Yeye alihesabu mengine. Mjomba Msafiri alikuwa ameingia mgahawani, ambako redio hupiga kelele kutwa, kunywa supu ya kulainisha koo. Ndani ya uzio watoto wa kituo walikuwa wamelala, walezi wamekaa kivulini. Injini imezimwa, betri inafanya kazi, kipaza sauti kiko mkononi mwa mtu ambaye huko bweni aliwahi kuigiza sauti ya matroni dirishani, akatangaza kwamba leo kuna wali na nyama, na wasichana wa bweni zima wakapanga foleni na sahani zao mbele ya sufuria la makande. Alichimbishwa shimo la taka kwa ajili hiyo, na hata shimoni alikuwa anacheka. Kumpa mtu wa namna hiyo kipaza sauti ni kama kumwachia fisi bucha na kumwomba afunge mlango akitoka.

Kituo kilikuwa cha mama yake. Wazazi walioleta watoto wao kituoni walikuwa wauza mitumba, makarani, wachuuzi wa ndizi na walimu, watu wanaotoka alfajiri na kurudi jioni. Walezi walikuwa wawili. Mmoja ni Sabaha, msichana mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Wa pili ni Mama Baltazar, jina lake la ubatizo Rosalia, mjane mwenye shamba dogo Mutuka. Mtoto wa kwanza kabisa wa kituo kile alikuwa Evelyne mwenyewe, na mgongo wa kwanza aliolalia baada ya ule wa mama yake ulikuwa wa Mama Baltazar. Tangu hapo mgongo ule ulikuwa umebeba nusu ya mtaa.

Mzigo huo ulikuwa umemwachia alama. Karibu na kitovu palitokeza uvimbe kama limau, na daktari aliuita ngiri. Ulijitokeza kila alipoinua mtoto mzito, na akilala chali akaubonyeza taratibu ulirudi ndani kama mtoto mtiifu. Daktari alimwambia apasuliwe mapema, kwa maana siku moja utajitokeza na kukataa kurudi. Mama Baltazar alimsikiliza daktari. Alikuwa na mtamba mmoja kule Mutuka, mwenye mimba changa, aliyemtunza ili amlipie mwanawe Baltazar ada ya chuo cha ualimu. Akakubaliana na Bushiri mwenye bucha amnunue kabla ya Krismasi. Bushiri akatoa malipo ya awali, Mama Baltazar akalia siku moja, na jambo likaisha.

Bima walikuwa wameitafuta. Mama Evelyne alikwenda kuuliza, akaelezwa kwamba ile kubwa ni ya wenye mikataba na mishahara ya kukatwa kila mwezi, na kadi ndogo ya kaya ingewafikisha zahanati tu, siyo kwenye kisu. Alipokaa kufikiri namna ya kuwalipia walezi wake mwenyewe, aliona itabidi apandishe ada ya watoto. Na akipandisha ada, muuza mitumba atamwacha mtoto nyumbani na dada yake ambaye naye bado ananyonya kidole. Kwa hiyo waliendelea kama zamani. Mtoto mmoja akija na kikohozi, watoto wote wanakohoa, kisha walezi wanakohoa, kisha mwenye kituo, na wote wanakunywa tangawizi.

Jana yake tu, watoto wakiwa usingizini, walikuwa wakilizungumzia suala hilo kwa namna walivyozoea.

"Viboko wa ziwani wana askari wa kuwalinda," Mama Baltazar alisema, akikunja nepi. "Sisi tunaolinda watoto wa mji mzima hatuna hata wa kutupa Panadol."

"Basi kaombe kazi ya ukiboko," Sabaha akamjibu. "Mwili unao."

"Mwili ninao. Meno ndiyo yamebaki matatu."

Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka, na Evelyne, aliyekuwa akichambua mchele barazani, alicheka kuliko wote. Mzaha wake wa kesho yake ulizaliwa pale, katika kicheko hicho. Alitaka kuwarudishia kicheko chao kikiwa kimevaa suti na tai. Yule kuku wa kienyeji alimweka makusudi, awe ndiye mtoa siri. Aliamini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesikia Serikali ikitaja kuku asijue kwamba anataniwa. Alisahau kwamba Babati ni mji ambao watu hupimia vitu vingi kwa kuku.

Alipomaliza kutangaza, akashuka, akapenyeza jicho katikati ya minyaa apate kufaidi.

Sabaha alikuwa amesimama, anapiga vigelegele. Mama Baltazar hakupiga vigelegele. Alimlaza mkekani mtoto aliyekuwa naye, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kisha akaketi chini, miguu ameinyoosha mbele, akachukua ncha ya kanga yake akajifunika uso mzima. Mabega yalikuwa yakitikisika. Evelyne alingoja kanga ifunuke na kicheko kitoke. Ilipofunuka, uso ulikuwa umelowa.

Angeweza kuingia wakati ule. Mlango wa uzio ulikuwa hatua chache tu. Lakini Mjomba Msafiri alikuwa anatoka mgahawani akifuta mdomo, akasema kwa ile sauti yake ya bawaba kwamba Singe wanawasubiri, na Evelyne akapanda gari. Njia nzima alijiambia atasema jioni.

Jioni Mama Baltazar alikuwa amemwachia mayai kwenye kikapu, zawadi ya mleta habari njema. Mama yake, ambaye mchana alikuwa sokoni, alikuwa amekwisha kusimuliwa na Sabaha mara mbili, na alikuwa anaimba jikoni. Evelyne hakuwa amemsikia mama yake akiimba jikoni tangu bei ya mafuta ya taa ipande. Akala mayai. Hayakuwa na chumvi ya kutosha.

Kesho yake, walezi wawili wakajifunga kanga safi wakaenda kwa mtendaji wa mtaa, Bwana Aminiel, kuuliza utaratibu. Evelyne aliposikia wamekwenda, alihisi mzigo umemtoka. Bwana Aminiel angewaambia hakuna kitu kama hicho, wangerudi wamenuna, wangemkemea, angechapwa na mama yake kwa mwiko, na dunia ingerudi mahali pake. Alijiandaa kabisa, hata alivaa sketi nzito.

Lakini Bwana Aminiel alikuwa mtumishi wa muda mrefu, na mtumishi wa muda mrefu hawezi kukiri mbele ya wananchi kwamba Serikali imetangaza jambo pasipo yeye kujua. Sabaha aliigiza kikao kizima waliporudi: jinsi alivyokohoa, jinsi alivyofungua faili na kulifunga, jinsi alivyotazama dari. Mwishoni alikuwa amewaambia kwamba suala hilo lipo, kwamba utaratibu unaandaliwa, na kwamba wasubiri maelekezo. Akawaandika majina yao.

Evelyne alibaki ameduwaa na sketi yake nzito. Kwa miaka yote alijiona bingwa wa uongo wa mzaha, na leo amekutana na mtu mzima aliyeuchukua uongo wake ukiwa uchi akauvika mhuri. Kuanzia saa ile halikuwa tena tangazo la Evelyne. Lilikuwa la ofisi.

Siku ya soko, Mama Baltazar alimrudishia Bushiri pesa zake. Bushiri alilalamika sana, akasema ng'ombe huyo alishamwona kwenye ndoano, lakini akazipokea. Mama Baltazar aliporudi kituoni alikuwa mwepesi kama msichana. Aliwaeleza wenzake kwamba mtamba atazaa, maziwa yatauzwa, Baltazar atasoma, na yeye mwenyewe atapasuliwa mwezi wa kwanza kwa bei ya kuku. Tena alikwisha kumchagua kuku huyo. Alikuwa mweusi na mwenye kiburi.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kumkimbia Evelyne. Alijaribu kwa mama yake, akaanza kwa mbali, kwamba matangazo ya magari wakati mwingine huwa si ya kweli. Mama yake alimwambia asimseme vibaya Mjomba Msafiri, mtu anayetafuta riziki kwa koo lake. Akajaribu tena kwa njia nyingine, akakuta amezungumzia mitihani.

Mwishowe akamfuata Mama Baltazar mwenyewe, bombani, alipokuwa akifua. Alimwamkia, akaitikiwa, akachutama kando yake akaanza kusuuza. 

"Mama Baltazar, na kama hiyo bima isipokuja?"

"Itakuja. Itachelewa tu. Vya Serikali huchelewa."

"Lakini si ungepasuliwa sasa, halafu kadi ikija ije?"

Mama Baltazar alikamua nepi mpaka tone la mwisho kabla ya kumjibu. "Nimuuze ng'ombe leo, na mwezi ujao niambiwe ningelipa kuku? Baltazar atanionaje? Sikiliza, mwanangu. Yule mwanamume wa redio angesema, nisingemwamini. Wale wanaopita na magari wakati wa kura, siwaamini. Lakini ile ilikuwa sauti yako. Ulisema walete watoto wachanjwe, tukawapeleka, wakachanjwa. Na mimi nakujua tangu hujaota jino."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi wa Evelyne. Alipofungua mdomo, yakarudi. Kilichotoka ni kwamba sabuni imekaribia kuisha, je, akalete nyingine? Mama Baltazar akasema ndiyo, alete. Alipokuwa akienda dukani alijiambia kwamba mwaka mpya si mbali, kwamba uvimbe umekaa miaka na unaweza kukaa wiki nyingine chache, kwamba kadi ikikosekana mtamba bado yupo. Aliyasema hayo kwa ufasaha mkubwa, kama mtu anayejisomea tangazo.

Krismasi ikapita. Kituo kilifunguliwa tena mapema, maana wafanyabiashara hawana likizo. Asubuhi ile muuza mitumba alileta pacha wake wawili wanene, na Mama Baltazar akawainua wote kwa pamoja, mmoja kila upande, kama alivyozoea. Evelyne alikuwa anafagia uwanja. Alimwona akisimama ghafla. Hakupiga kelele. Aliwashusha pacha mmoja mmoja, akaingia chumba cha ndani akalala chali.

Mchana alikuwa bado amelala. Sabaha alimpelekea uji akautapika. Evelyne aliingia akamkuta ameweka mikono yote miwili tumboni, anabonyeza, anapumzika, anabonyeza tena, jasho linamtiririka.

"Leo amekataa kurudi," alimwambia Evelyne, akijaribu kutabasamu. "Mtoto mkaidi."

Mama Evelyne alitaka kuita gari mara moja. Mama Baltazar alimzuia. Aliomba wasubiri kidogo, huenda utalegea; zimebaki siku chache, alisema, wakimpeleka leo atapasuliwa kwa pesa, na pesa yenyewe aliirudisha kwa Bushiri. Walibishana kwa sauti za chini ili watoto wasiamke. Evelyne alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Alisikia kila neno. Kisha akautupa ufagio akakimbia mpaka dukani kwa Msafiri, akamwambia alete pikapu, Mama Baltazar anakufa. Ilikuwa mara ya kwanza likizo ile kutangaza jambo la kweli kwa hiari yake.

Hospitali hawakumwacha. Walimpokea, wakasema malipo yatazungumzwa baadaye, wakamwandaa kwa kisu. Muuguzi aliwaruhusu waingie mmoja mmoja. Evelyne alipoingia, Mama Baltazar alikuwa amekuwa mdogo kitandani, macho yamezama, lakini alimjua. Alimwita karibu kwa kidole.

"Uende kwa Bwana Aminiel," alisema polepole. "Mwambie kama kadi imefika, hata kama mwaka haujaanza, waitoe tu. Wewe ndiye uliyetangaza. Wewe watakusikiliza."

Evelyne alisema, "Nitakwenda."

Hakwenda. Alikaa nje ya wodi kwenye benchi la saruji, akiwaangalia watu wakipita na vyombo vya chakula. Mtu angemuuliza anafanya nini pale angesema anasubiri maelekezo.

Daktari alipotoka alieleza kwamba utumbo ulikuwa umenaswa muda mrefu, sehemu imekufa, wameikata, wasubiri. Mama Baltazar alisubiri pamoja nao, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Aliuona mwaka mpya ukiingia. Mwanawe Baltazar, aliyefika kutoka kwa ndugu zake wa Hanang, alikuwa amemshika mkono. Siku ya pili yake akafariki, mchana, wakati ambapo kituoni ni saa ya watoto kulala.

Walimzika Mutuka, kando ya mumewe. Wazazi wa kituo walikuja wengi, na watoto wao, na wale wadogo walikuwa wakimwita kwa jina na kuuliza ataamka saa ngapi. Muuza mitumba alilia mpaka akashikwa na wenzake. Bwana Aminiel alikuja amevaa koti, akatoa rambirambi za ofisi. Mtamba alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, tumbo limeanza kuonekana, anakula majani kwa utulivu kana kwamba hahusiki.

Huko watu wana desturi yao: baada ya mazishi, kabla waombolezaji hawajatawanyika, ugonjwa wa marehemu husimuliwa mbele ya wote, kuanzia ulipoanza mpaka pumzi ya mwisho, bila kuruka kitu. Husimuliwa ili asiwepo wa kunong'ona pembeni kwamba marehemu alirogwa, au alitelekezwa, au kuna aliyemtendea baya. Aliyesimamia alikuwa Mzee Severini, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa shamba, ambaye Kiswahili chake kilipita kwanza katika lugha ya nyumbani ndipo kikatoka, kikiwa kizito lakini kimenyooka. Alimtaka Mama Evelyne aeleze, kwa kuwa marehemu aliugulia kwake.

Mama Evelyne alisimama akaeleza. Alieleza uvimbe, daktari, ng'ombe na Bushiri. Bushiri aliitikia kutoka alikokaa, kichwa ameinamisha, kwamba ni kweli alirudishiwa pesa zake, na laiti angezikataa. Mama Evelyne akafika kwenye tangazo la bima, akaeleza walivyofurahi. Akataka kuendelea.

Baltazar akanyanyua mkono. Alikuwa kijana mpole, mrefu, na kwa siku zile alikuwa amesema maneno machache sana. Alisema kwamba ofisi zilipofunguliwa alikwenda makao makuu ya wilaya kuiulizia kadi hiyo, apate kulipia hospitali. Walimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba. Hakuna bima ya walezi. Haijawahi kutangazwa wala kufikiriwa.

Watu waligeuka kumtazama Bwana Aminiel, naye akawa anaitazama kofia yake iliyokuwa magotini. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliambiwa na wananchi, na wananchi waliambiwa na gari. Kisha macho yote yakahamia kwa Msafiri, mwenye gari.

Msafiri akasimama, sauti yake imekwisha kupona, akaapa kwamba hajui lolote. Alipewa karatasi ya chanjo tu. Siku hiyo, kama ni siku hiyo, yeye alikuwa mgahawani anakunywa supu. Vijana wawili wa ukoo walikuwa wamekwisha kusimama nyuma yake, na mmoja alimwuliza supu hiyo ilikuwa tamu kiasi gani. Mzee Severini akawaamuru wakae.

"Sauti haikuwa ya Mjomba Msafiri," Sabaha alisema kutoka upande wa wanawake. Alikuwa analia. "Ilikuwa ya Evelyne. Lakini Evelyne ni mtoto, mzee. Mtoto husoma anachopewa. Muulizeni yeye ni nani aliyempa."

Evelyne alikuwa ameketi kwenye mkeka, na mtoto mmoja wa kituo amelala mapajani mwake. Alihisi watu wakigeuka kwa safu, kama mahindi yanapopigwa na upepo. Hakuna uso uliokuwa na hasira. Walikuwa wakimhurumia. Mama yake alimtazama, na polepole huruma ikaanza kumtoka usoni, kwa sababu yeye alimjua bintiye, na shimo la taka la shuleni alilisikia.

Mzee Severini alimwita. Evelyne akamlaza mtoto, akasimama mbele yake, akamwamkia. Mzee akaitikia.

"Usiogope, mjukuu wangu," alimwambia. "Dada yangu alikubeba. Ametuambia wewe msichana mzuri. Wewe sema tu, maneno yale, mtu gani alikupa?"

Bwana Aminiel alikuwa amekwisha kutoa leso, anajifuta shingo. Alikuwa na uso wa mtu anayejiuliza kama labda ni yeye aliyetoa maneno hayo akasahau. Neno moja tu lingetosha, na watu wote pale wangeliamini, kwa maana lilikuwa linafanana kabisa na kweli, na sauti ya kulisema walikuwa wamezoea kuiamini.

Evelyne alimtazama Baltazar. Kisha akatazama chini.

"Hakuna aliyenipa, babu. Niliyatunga mwenyewe. Nilitaka wacheke."

Alidhani hilo ndilo neno gumu, na kwamba likitoka atanyamaza. Lakini mzee alikuwa bado anamtazama, akisubiri, kwa kuwa ugonjwa husimuliwa bila kuruka kitu. Kwa hiyo akaendelea, bila madoido yoyote, kwa sauti ambayo watu wa nyuma ilibidi wainame wapate kuisikia.

"Nilimwona, nikichungulia kwenye minyaa. Alijifunika uso kwa kanga akalia. Nikajua ameamini, nikapanda gari. Aliponiambia bombani kwamba anaiamini sauti yangu, nilimwambia sabuni inakwisha. Na hospitali aliponituma kuifuata kadi, nilimwambia nitakwenda."